Ekzosi iliyooza kwenye pikapu ya zamani: kata, usibandike

Pikapu ya zamani ikipita mtaani inanguruma kuliko lori la tani saba, mara nyingi injini haina kosa. Kosa ni la ekzosi. Lala chini uangalie: utakuta imeshachomelewa viraka vitatu au vinne, kila kimoja kimekalia kutu, na kando ya kiraka kipya tundu jingine limeshafunguka. Kuchomelea kiraka juu ya chuma kilichooza ni kutupa pesa. Tafuta chuma kizima kinapoanzia, kata hapo, weka bomba jipya kutoka hapo hadi mwisho, na ulitundike kwa raba lining'inie. Hilo la kuning'inia nitalirudia mara nyingi, kwa sababu ndilo linaloua ekzosi mpya nyingi hapa kwetu kabla hata kutu haijafika.

Maelezo haya yanalenga zaidi Toyota Hilux za miaka ya 1980 na 1990 zenye injini za dizeli ziitwazo 2L na 3L (majina ya injini, si ujazo wa lita), gari ambazo bado zinabeba kazi nyingi Unguja na Pemba. Mwenye Nissan, Isuzu au Mitsubishi ya umri huo atafuata mambo hayo hayo, vipimo tu ndivyo vitakavyobadilika.

Chumvi nje, maji ndani

Ekzosi ya visiwani huliwa pande mbili kwa pamoja. Nje ni chumvi. Kusi likivuma, pwani yote ya mashariki, kutoka Matemwe mpaka Makunduchi, inapigwa na upepo wenye chumvi, na gari lililolala nje linaamka limepakwa. Gari linaloteremka mchangani wakati wa maji kupwa ya bamvua kupakia mwani linarudi na mchanga wa chumvi umejibana juu ya sailensa na katikati ya flanji, yaani mabamba yanayounga mabomba kwa nati. Magunia ya mwani yanachuruza njia nzima. Makreti ya samaki nayo, barafu inayeyuka, maji yanapita kwenye matundu ya bodi na kudondokea bomba lililo moto. Joto linakausha maji lakini chumvi inabaki, na usiku chumvi hiyo inavuta unyevu wa hewa, bomba linaloa upya bila hata mvua kunyesha.

Ndani nako kuna maji, tena mengi kuliko watu wanavyodhani. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji, yakiwa mvuke. Safari ikiwa ndefu, bomba lote linapata moto na mvuke unatoka nje. Safari ikiwa ya dakika kumi ndani ya mji, sailensa haijawahi kupata moto wa kutosha. Mvuke unageuka maji humo humo, unachanganyika na salfa iliyomo kwenye moshi kuwa asidi, unatulia tumboni mwa sailensa. Ndiyo sababu sailensa na bomba la nyuma huoza mapema, wakati bomba la mbele linalotoka kwenye manifoldi (chuma kilichofungwa ubavuni mwa injini kukusanya moshi), bomba ambalo ni moto kila mara, linaweza kuwa zima miaka mingi baadaye. Na ndiyo sababu kupaka rangi nje peke yake hakuokoi kitu: sailensa inaweza kung'aa nje huku tumbo lake limebaki unene wa karatasi.

Kukagua kabla ya kununua chochote

Gari likiwa baridi, gonga ekzosi kwa mpini wa bisibisi kuanzia mbele kwenda nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti nzito iliyokufa, na mara nyingi utasikia kutu ikimwagika ndani. Kisha chokoa kwa ncha ya bisibisi sehemu hizi: chini ya sailensa, kwenye mishono yake ya mbele na nyuma, pale mikono ya kutundikia ilipochomelewa kwenye bomba, na upande wa juu wa bomba linalopanda kuvuka ekseli. Upande wa juu watu huusahau kwa sababu hauonekani ukiwa umelala chini, na ndiko mchanga wa chumvi unakokaa. Masizi meusi kando ya flanji au mshono maana yake moshi unatoka hapo hata kama tundu hulioni.

Piga mstari wa chaki pale chuma kinapoanza kulia vizuri, kisha sogea kuelekea injini sentimita 5 hadi 10 zaidi. Hapo ndipo pa kukatia. Ukichomelea ukingoni kabisa mwa kutu, moto utatoboa bomba na utaishia kufukuza matundu.

Usiahirishe kazi hii kwa sababu gari bado linatembea. Moshi unaovuja mbele ya sailensa unapanda sakafuni, na sakafu za gari hizi mara nyingi nazo zina matundu chini ya kapeti. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Dereva anaanza na kichwa kuuma na usingizi, akidhani ni jua. Injini ya petroli hutoa nyingi zaidi kuliko ya dizeli, lakini moshi wa dizeli nao si wa kuvuta safari nzima. Walio hatarini zaidi ni abiria wanaokaa nyuma chini ya turubai. Bomba likiishia chini ya bodi badala ya kutokeza nje, hewa inayozunguka nyuma ya gari inawarudishia moshi wote. Ekzosi mpya lazima itoke nje kabisa ya ukingo wa bodi.

Bomba lipi, sailensa ipi

Pima kipenyo cha nje cha bomba la zamani mahali penye chuma kizima. Kama huna kalipa, zungusha uzi mara moja, upime uzi, ugawanye kwa 3.14. Uzi wa milimita 160 ni bomba la milimita 51, yaani inchi 2. Weka kipenyo kile kile cha kiwandani. Ukipunguza, injini inashindwa kutoa moshi na joto linapanda kwenye mlima. Ukiongeza sana kwenye injini isiyo na tabo (pampu ya hewa inayozungushwa na moshi) hupati nguvu yoyote, unapata kelele tu na bomba linalogusa chesesi.

Unene wa chuma uwe milimita 1.5 au 2. Mabomba ya chuma cheusi huuzwa kwa urefu wa mita 6, na kwa pikapu moja unatosha na kubaki. Chuma chenye mpako wa aluminiamu ni bora kuliko cheusi kwa bei ambayo bado inavumilika. Chuma kisichoshika kutu ni bora zaidi kwa gari la mwani na samaki. Hata hicho chumvi hukitia madoa, lakini kinakaa miaka mingi zaidi. Ukikiunga na bomba la kawaida la mbele, mwambie fundi atumie vijiti vya kuchomelea aina ya 309. Kijiti cha kawaida kwenye kiungo kile kitaacha mshono unaooza kabla ya pande zake.

Nikisisitiza jambo moja kwenye ununuzi, ni hili: usikubali bomba la maji lililopakwa zinki. Fundi wengi hulitumia kwa kuwa lipo kila duka la vifaa vya ujenzi na linaonekana halishiki kutu. Zinki inachemka kwenye nyuzi 907 za sentigredi, na moto wa kuchomelea uko juu zaidi ya hapo kwa mbali, kwa hiyo inageuka moshi mweupe mzito usoni mwa mchomeleaji. Akiuvuta, jioni anashikwa na homa, baridi na maumivu ya viungo. Kunywa maziwa kabla hakumkingi. Halafu mpako wenyewe umeshaungua kwenye kila mshono, yaani pale pale ulipouhitaji. Juu ya hayo, bomba la maji ni nene na zito. Linachana raba na kuvuta flanji ya manifoldi kila gari linaporuka shimo.

Sailensa: angalia tundu la kuingilia na la kutokea ziko wapi, katikati au pembeni, na urefu wa mwili wake. Nyingi zina mshale au alama ya upande wa kuingilia. Ikiwa ina tundu dogo sana chini, la milimita 2 au 3, hilo limewekwa makusudi ili maji yatoke. Fundi asilizibe. Sailensa isiyo na tundu hilo unaweza kuitoboa mwenyewe sehemu ya chini kabisa, upande wa nyuma. Tone la maji litakaloonekana asubuhi ni maji ambayo yangebaki kula chuma.

Sailensa za mtumba kutoka Japani zinaweza kuwa nzuri, lakini zigonge kama ulivyogonga ya kwako. Sehemu za kaskazini za nchi ile humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, kwa hiyo kutoka mbali si dhamana.

Mbali na bomba na sailensa, uwe na gasketi mpya ya manifoldi na bomba la mbele, gasketi ya kila flanji, raba zote mpya, stadi (bolti zisizo na kichwa) na nati za akiba, grisi ya shaba, na kopo la rangi ya kuvumilia moto. Kwa walio Wete, Chake Chake au Mkoani, ushauri wangu ni kukusanya vyote hivi kabla ya kugusa nati ya kwanza. Gasketi moja iliyokosekana inaweza kulaza gari ikisubiri boti kutoka Unguja, au hata mzigo wa Kariakoo.

Kulifungua gari

Siku moja kabla, injini ikiwa baridi, pulizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye nati zote za flanji na manifoldi, rudia asubuhi. Mchanganyiko wa asetoni na mafuta ya giaboksi ya otomatiki, nusu kwa nusu, unapenya vizuri sana. Uweke kwa brashi, na usiwashe moto hapo mpaka asetoni yote imekauka.

Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe au magogo, inua nyuma kwa jeki, ukalishe chesesi kwenye stendi za chuma. Ardhi ikiwa ya mchanga au kifusi, weka ubao mpana chini ya kila stendi. Usitumie matofali ya saruji. Tofali linabeba vizuri mpaka sekunde linapopasuka, na halikupi dalili. Vaa miwani, kwa sababu kutu yote itaanguka usoni. Chomoa waya wa hasi wa betri.

Sehemu ya nyuma usiipoteze muda kuifungua kistaarabu. Ni chakavu, ikate kwa grainda au msumeno vipande viwili vitatu, uvitoe kwenye raba. Lakini hifadhi kila kipande. Ndicho kipimo chako. Vipange sakafuni kwa mpangilio wake wa garini, chora umbo lake kwa chaki kwenye saruji, na upime umbali kati ya mkono mmoja wa kutundikia na mwingine.

Stadi za manifoldi ndizo za kuzilea. Zikikatika, kazi ya asubuhi moja inageuka ya siku mbili. Tumia soketi ya pembe sita, si ya pembe kumi na mbili, kwa sababu nati iliyoliwa na kutu imeshapungua na soketi ya pembe nyingi itaiviringa. Jaribu kwanza kuikaza kidogo, nywele tu, ndipo uilegeze. Kutu inavunjika kirahisi zaidi hivyo. Ikigoma, pasha moto nati yenyewe kwa gesi mpaka iwe nyekundu, usiipashe stadi. Nati ikitanuka inaachia. Kabla ya kuwasha gesi angalia bomba la mafuta, bomba la breki na nyaya ziko wapi, zifunike kwa gunia lililoloweshwa, na uwe na ndoo ya mchanga karibu. Nati iliyokwishaviringika ichane ubavuni kwa tindo au grainda ndogo. Nati ni ya kutupa, stadi ndiyo ya kuokoa.

Stadi ikikatika na kubaki kichwa kidogo, weka nati juu yake, ichomelee kwa ndani, subiri ipoe kidogo, izungushe taratibu mbele na nyuma. Moto wa kuchomelea wenyewe unasaidia kuilegeza. Ikikatika sawasawa na uso wa manifoldi, isawazishe, piga alama katikati kabisa, toboa kwa drili ya milimita 3, halafu 5, halafu karibia 8.7, kisha pitisha tepu ya kukata uzi ya M10. Stadi nyingi za Toyota hapo ni za uzi wa 1.25, si 1.5, yaani milimita kutoka jino hadi jino. Zinafanana kwa macho, na ukiingiza ya 1.5 kwa nguvu umeua manifoldi. Hapa haraka haisaidii kabisa. Tundu likienda pembeni milimita mbili, bomba halitakaa.

Kwangua gasketi ya zamani yote. Weka rula ya chuma juu ya uso wa flanji dhidi ya mwanga. Ukiona mwanga unapita katikati, flanji imepinda kwa kukazwa vibaya, na gasketi mpya haitaziba. Isuguliwe mpaka iwe bapa.

Kupinda, kukata, kuunga

Mashine za kupinda bomba bila kulibonyeza si nyingi, kwa hiyo kona zitapatikana kwa njia tatu. Ya kwanza ni kununua viwiko vilivyopindwa tayari vya nyuzi 45 na 90, ambayo ndiyo safi zaidi. Ya pili ni kukata vipande na kuviunga: kila kiungo kigeuze bomba nyuzi 15, maana yake kila mdomo unakatwa kwa mshazari wa nyuzi 7.5. Kona ya nyuzi 45 ina viungo vitatu, na ukikata vizuri moshi unapita bila shida. Ya tatu ni kujaza mchanga, kuziba ncha, kupasha moto na kupinda. Njia hii inafanya kazi, ila mchanga lazima uwe umekaangwa ukakauka kabisa. Maji yaliyofungiwa ndani ya bomba lililozibwa, yakipata moto, yanageuka mvuke na kukirusha kizibo kwa nguvu ya kuua mtu. Na usichote mchanga wa pwani, utakuwa umeipaka ekzosi mpya chumvi kwa ndani kabla haijafungwa.

Kabla ya kukata, piga mstari mrefu wa chaki juu ya bomba lote, mgongoni. Bomba la duara huzunguka mkononi bila wewe kujua, na kona iliyochomelewa ikiwa imezunguka nyuzi kumi tu itakupeleka kwenye springi badala ya juu ya ekseli.

Safisha kila mdomo mpaka chuma ching'ae, sentimita 2 au 3 kutoka ukingoni. Bomba likiingia ndani ya bomba, lipe sentimita 4 au 5 za kuingiliana, na linalotoka upande wa injini ndilo liingie ndani ya la nyuma yake, ili moshi usikutane na ukingo.

Funga bomba la mbele kwanza, nati zikiwa zimeshikwa kwa mkono tu. Kisha panga vipande vyote garini, vishikize kwa matone manne ya kuchomelea kwenye kila kiungo, ukiangalia nafasi. Ukiridhika, lishushe lote na ukamilishe mishono sakafuni, ambako unaliona na kulizungusha. Mshono uliochomelewa gari likiwa juu, fundi amelala chali, huwa mzuri upande wa chini na mbovu upande wa juu. Kwa bomba la milimita 1.5 hadi 2, kijiti cha milimita 2.5 aina ya 6013 kwa ampea kama 50 hadi 70 kinatosha. Mwenye vijiti vya milimita 2 atatoboa mara chache zaidi. Piga mishono mifupi, upande huu na upande ule, chuma kisipinde.

Matone ya garini yachomelewe betri ikiwa bado imechomolewa, na kibanio cha ardhi kiwekwe kwenye bomba lenyewe, karibu na mshono. Kikiwekwa kwenye ekseli au bampa, umeme utapita kwenye beringi na viungo vya propela na kuvichimba vidoti ambavyo vitaanza kulia baada ya wiki chache, na hakuna atakayekumbuka sababu.

Nafasi

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibika. Gari likiwa juu ya stendi na magurudumu ya nyuma yananing'inia, ekseli imeshuka chini kabisa. Nafasi kati ya ekseli na bomba inaonekana kubwa. Shusha gari, pakia magunia ya mwani, au karafuu huko Pemba, na ekseli inapanda sentimita kadhaa. Likiruka shimo inapanda mpaka igonge raba yake ya kuzuia. Bomba likiwa njiani litapigwa kila shimo mpaka lipasuke. Kwa hiyo baada ya matone ya kuchomelea, weka jeki chini ya difu (tumbo la katikati ya ekseli) na uinue ekseli mpaka uone raba ya kuzuia inakaribia chesesi, kisha ndipo uangalie nafasi. Pale ekseli ikiwa juu kabisa ibaki angalau sentimita 2. Kwingineko, acha sentimita 3 kutoka chesesi na propela, na nafasi zaidi kutoka bomba la breki, tangi na nyaya. Pasipowezekana, funga kipande cha bati kati yao.

Raba, na kwa nini isichomelewe kwenye chesesi

Kuna tabia ya kukata mkono wa chuma na kuuchomelea moja kwa moja kutoka bomba hadi chesesi, kwa hoja kwamba raba zinakatika. Fikiria kinachotokea. Injini ya dizeli inatikisika juu ya maunti zake, hasa ikizimwa na kuwashwa, wakati chesesi imetulia. Na bomba lenyewe linarefuka: chuma cha mita 3 kikipanda joto kwa wastani wa nyuzi 250 huongezeka kama milimita 9. Urefu huo lazima uende mahali. Ukiwa umelifunga bomba kwa chuma, utakwenda kwenye sehemu dhaifu kuliko zote, nayo ni stadi za manifoldi, mshono wa flanji, au manifoldi yenyewe, ambayo ni chuma cha kalibu na hupasuka. Kisha kila mtikisiko wa injini unapenya kabini kama ngoma.

Tumia raba kila mahali kiwanda kilipoweka raba. Mikono ya kutundikia ichomelewe kwenye bomba kwa mshono wa pande zote mbili, na chuma chake kiwe cha milimita 8 hadi 10, si nondo nyembamba ya kufungia. Raba zikae wima na zivutike kidogo tu bomba likiwa baridi; raba iliyokwishanyooka mwisho ni ishara kwamba bomba limekatwa fupi au mkono uko mbali. Kipande cha tairi kuukuu kinaweza kukufikisha nyumbani, lakini kisiachwe karibu na sailensa.

Kukaza na kujaribu

Paka grisi ya shaba kwenye uzi wa kila stadi. Nati za shaba zikipatikana, zitumie kwenye manifoldi. Hazishikani na chuma kwa kutu, na safari ijayo zitafunguka bila moto. Kaza kuanzia mbele kwenda nyuma, na kwenye kila flanji kaza nati kwa zamu, kidogo kidogo, ili flanji ikae bapa. Ukianza nyuma utajikuta unalazimisha bomba la mbele lifuate, na gasketi inakaa kwa upande mmoja.

Injini ikiwa bado baridi, iwashe, mtu azibe mdomo wa nyuma kwa kitambaa kizito kwa sekunde chache huku wewe ukisikiliza kutoka ubavuni, bila kuingia chini. Kwenye viungo paka maji ya sabuni kabla chuma hakijapata moto: mapovu yatakuonyesha tundu ambalo sikio limelikosa. Mishono yenye povu ichomelewe tena, si kupakwa gundi. Gundi ya ekzosi ina kazi yake ndani ya kiungo cha kuingiliana, si juu ya tundu.

Rangi ya kuvumilia moto ipakwe juu ya chuma kilichosuguliwa, tabaka nyembamba mbili, mishono kwanza. Haigandi kwa jua peke yake, inahitaji moto wa injini, kwa hiyo safari ya kwanza itatoa harufu na moshi mwepesi juu ya bomba. Hiyo ni kawaida, na itaisha.

Kulitunza kwenye chumvi

Gari likitoka pwani, suuza chini kwa maji baridi ya bomba au kisima kisicho na chumvi, ekzosi ikiwa imeshapoa. Lenga juu ya sailensa, juu ya flanji na mgongo wa bomba linalovuka ekseli, kwa maji mengi yasiyo na kasi kubwa. Kisha, ikiwezekana, liendeshe nusu saa barabara ndefu, lipate moto likauke ndani na nje. Gari linalotembea safari fupi tu wiki nzima lipewe safari moja ya namna hiyo. Mjini hadi Mahonda na kurudi inatosha.

Oili chafu inayopuliziwa chini ya gari kuzuia kutu ielekezwe kwenye chesesi, kamwe isifike kwenye ekzosi wala raba zake. Juu ya bomba la moto inatoa moshi na inaweza kushika moto, na raba ikilowa mafuta inavimba na kukatika.

Baada ya siku chache za kwanza, gari likiwa baridi, pitia nati zote za flanji kwa spana. Gasketi mpya hulala na nati hulegea kidogo. Angalia kama kuna alama ya kung'aa mahali popote kwenye bomba, maana hapo linagusa kitu. Flanji ikiendelea kuacha masizi baada ya kukazwa mara ya pili, usiikaze ya tatu: ifungue uangalie ilipopindia.